Nyasi za Mwaka wa Njaa

Anayetoka Nairobi kwenda Mombasa huipita Kyumbi bila hata kugeuza shingo, isipokuwa awe na safari ya Machakos. Hapo ndipo barabara inapogawanyika: moja yaendelea Konza, Sultan Hamud hadi pwani, nyingine yakata kushoto kuelekea Machakos mjini. Siku hizi pana majengo ya ghorofa na vituo vya petroli. Mwaka 1984 palikuwa na safu fupi ya maduka ya bati, matatu za Peugeot 504 zikigombea abiria, na akina mama waliokimbilia madirisha ya mabasi na karai za machungwa. Ukitazama kusini unaona mbuga ya Kapiti imelala hadi macho yachoke. Ukigeuka kaskazini unaona vilima vya Mua. Shule yetu ya msingi ilikuwa karibu sana na barabara, hata lori likipiga honi mwalimu alinyamaza kwanza, kisha akaendelea na sentensi yake.

Mwaka huo nilikuwa darasa la saba. Mtihani wa CPE, wa kumaliza shule ya msingi, ulikuwa umefanywa kwa mara ya mwisho 1983, na sisi tuliambiwa kwamba hatumalizi: tutaingia darasa la nane mwaka 1985, tuwe wa kwanza kuonja mfumo wa 8-4-4 na mtihani wake mpya, KCPE. CPE ilikuwa ya kuchagua majibu. Huu mpya ulikuja na insha, ya Kiingereza na ya Kiswahili, na Kiswahili chenyewe, ambacho hakikuwa katika CPE, sasa kilikuwa somo la lazima. Walimu walihaha. Hakuna aliyejua mtahini atapenda nini. Uvumi uliotufikia ulikuwa mmoja tu: insha ya Kiingereza hupata alama kwa nahau. Asiyezijua atabaki hapa Kyumbi kuuza machungwa.

Basi tukaanza kumezeshwa nahau. Nyingi zilitoka katika kitabu cha Angus Maciver, First Aid in English, kilichotolewa Glasgow miaka ya 1930 kwa watoto wa Scotland, kisha kikazunguka nchi nyingi zilizowahi kutawaliwa na Uingereza. Shule ilikuwa na nakala moja isiyo na jalada, iliyofungiwa kwenye droo ya mwalimu mkuu. Mwalimu wetu wa Kiingereza, kijana aliyetoka chuoni karibuni, aliiazima, akagawa ubao kwa mstari wa chaki: kushoto nahau, kulia maana. Sisi tukanakili daftarini. Ijumaa tuliulizwa mmoja mmoja, na aliyekwama alisimama hadi kengele ilipolia.

Tulijua kwamba mtu mwenye afya ni "as fit as a fiddle", ingawa kati yetu hapakuwa na aliyewahi kuona fidla wala kusikia inavyougua. Tulijua kwamba mvua kubwa hunyesha paka na mbwa. Hiyo hatukuicheka hata kidogo. Mwaka ule mvua ya mnyama yeyote ingetufaa.

Vuli ya 1983 ilikuwa haba, na masika ya 1984 yalikuja kwa jina tu. Mahindi yalinyauka yakiwa hayajavuka goti. Serikali iliagiza mahindi ya njano kutoka ng'ambo, na malori ya kuyapandisha bara kutoka bandari ya Mombasa yalipita mbele ya shule yetu usiku na mchana. Wakamba huzipa njaa zao majina. Ya 1961 ni ya Ndeke, kwa kuwa chakula kilidondoshwa kwa ndege. Ya 1984 ikaitwa Nikw'a Ngwete, yaani nafa huku ninacho mkononi. Watu walikuwa na pesa, za mshahara wa Nairobi au za ng'ombe waliouzwa, lakini dukani hapakuwa na cha kununua.

Katikati ya hayo ndipo ubaoni ikaandikwa "make hay while the sun shines". Upande wa kulia, kwa Kiingereza, palisemwa kwamba ni kuitumia vizuri nafasi uliyopata. Tukaimeza kama nyingine. Wiki iliyofuata tukaambiwa kila mmoja aitungie sentensi. Msichana mmoja aliyekaa karibu na dirisha, hodari kuliko sisi sote, aliandika kwamba baba yake alikuwa akimwomba Mungu jua lizidi kuwaka ili jamaa yake itengeneze "hay". Mwalimu akaisoma kwa sauti. Tukacheka kwa sababu yeye alitabasamu, lakini hatukuona kosa. Sarufi ilikuwa safi.

"Nani amewahi kuona hay?" akauliza.

Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Haya, nani anajua ni kitu gani?"

Mvulana wa nyuma akasimama. "Ni salamu, Mwalimu. Watu wa Nairobi husema hey."

Safari hii tulicheka kwa haki. Mwalimu alicheka pia, kisha akashusha chaki. Shuleni tulikatazwa Kikamba. Aliyenaswa akikizungumza alivishwa kibao shingoni na kulala nacho hadi ampate mwingine wa kumvisha. "Leo kibao kipumzike," akasema, akaanza kutueleza kwa Kikamba kwamba "hay" ni nyasi zilizokatwa zikakaushwa. Tulimtazama tu. Nje ya dirisha, kuanzia ukuta wa darasa hadi upeo wa macho, kila unyasi wa Kapiti ulikuwa mkavu na jua lilikuwa likiwaka tangu Januari. Kama hiyo ndiyo nafasi nzuri Waingereza wanayoisifu, basi sisi tulikuwa matajiri.

Siku chache baadaye, lori lililotoka upande wa Naivasha likielekea kwenye ranchi moja huko Kapiti lilipasukiwa na gurudumu hapo njia panda. Lilikuwa limebeba nyasi. Mwalimu aliliona kupitia dirishani, akafunga kitabu na kututoa nje kwa mstari, darasa zima, hadi ukingoni mwa barabara.

Marobota yalikuwa ya pembe nne, marefu kiasi cha mkono wa mtu mzima, kila moja limekazwa kwa kamba mbili za mkonge. Tulikuwa tumezoea kuona nyasi kavu, lakini hizi zilikuwa na rangi ya kijani iliyofifia, na zilinukia vizuri hata mtu ukatamani kuzitafuna. Tanboi alikuwa juu akisubiri dereva amalize kupiga jeki.

"Mwalimu, tazameni mtakavyo, lakini msikate kamba. Nitalipishwa mimi."

"Hatukati. Tupe unyasi mmoja tu."

Akanyofoa mshiko mdogo, akatushushia. Mwalimu akautoa unyasi mmoja, akainama na kung'oa mwingine pale pale kando ya lami, akainua zote mbili. Wetu ulikuwa mweupe, umevunjikia mkononi kabla hajamaliza kuuinua. Ule wa lori ulipinda, haukuvunjika, na kichwani ulikuwa na ua changa.

"Zote ni kavu," akasema. "Kwa nini mmoja ni chakula na mwingine ni takataka?"

Aliyejibu ni tanboi. Alituambia nyasi hukatwa mvua zikishaisha, zinapoanza kutoa maua, kabla hazijakomaza mbegu, maana zikikomaza mbegu nguvu yote huhamia huko na shina hubaki kijiti. Zikikatwa hutandazwa shambani, zikageuzwa zikauke pande zote. Mvua ikizinyeshea hapo chini huwa nyeusi, zikaota ukungu, ng'ombe akazisusa. Ukizifunga zikiwa na unyevu hupata joto ndani kwa ndani, na zipo ghala zilizoungua hivyo bila mtu kuwasha kiberiti. Kwa hiyo mkulima hutafuta siku chache mfululizo zenye jua, na akizipata halali.

Mwalimu alichukua hapo. Akatueleza kwamba Uingereza jua ni la kubahatisha hata wakati wa kiangazi. Leo lipo, kesho mawingu. Nyasi zinapokuwa tayari, mwezi wa Juni au Julai, mkulima anaweza kuamka akaona anga safi, na zamani siku kama hiyo kijiji kizima kiliingia shambani, wake kwa waume, kwa sababu majira ya baridi yanakuja na ng'ombe hatapata cha kula nje. Methali hiyo ni ya zamani. John Heywood alikuwa ameshaiweka katika mkusanyiko wake wa methali za Kiingereza mwaka 1546. "Hawasifu jua," akatuambia. "Wanaliogopa lisiondoke."

Kisha akatukumbusha maziwa ya Nyayo, yale ya pakiti za pembetatu ambayo serikali ilianza kuwapa watoto wa shule za msingi mwaka 1979. Akauliza ng'ombe wa maziwa hayo wanakula nini wakati wetu wanakufa. Hakusubiri jibu. Alielekeza kidole kwenye lori.

Kivulini mwa mgunga alikuwa ameketi mzee mmoja na ng'ombe wake wachache, mbavu zao zikihesabika. Alisogea taratibu akiegemea fimbo.

"Hizi zilikatwa lini, mwanangu?" akamuuliza tanboi.

"Mwaka jana, mzee. Mwezi wa saba."

Mzee akalipapasa robota kwa kiganja. "Baada ya mvua za 1982 hata sisi tulikuwa nazo, zilinifika hapa," akasema, akigusa kiuno. "Tukaziachia mchwa." Akamgeukia mwalimu. "Mwalimu, wafundishe hawa vizuri. Mimi jambo hili sikuambiwa na mtu."

Kuna jambo jingine nililoliona mwaka huo, ambalo lile lori halikutufundisha. Ng'ombe walipoanza kuanguka, wenye mifugo waliwaswaga kuelekea Athi River, kwenye kiwanda cha nyama cha Kenya Meat Commission. Si wote waliofika. Wengine walilala kando ya reli na kando ya barabara wasiinuke tena. Hapo ndipo walipotokea wachuuzi wenye malori. Walisimama Kyumbi alfajiri, wakawangoja watu waliochoka kutembea, na bei waliyoitaja ilikuwa ya kumtoa mtu machozi. Baba yangu aliuza maksai wake wa kulimia hapo. Alizihesabu noti, akazitia kwenye mfuko wa shati, akarudi nyumbani bila kusema neno. Debe la mahindi alilipata baada ya majuma kadhaa.

Darasani, yule msichana wa dirishani aliuliza swali ambalo sijalisahau. "Mwalimu, na wale wanunuzi wa ng'ombe, wao pia wana-make hay?"

Mwalimu alifikiri kabla ya kujibu. Akasema ndiyo. Waingereza wangelisema hivyo hivyo kuhusu wachuuzi wale, lakini wangelisema huku wamekunja midomo. Ukijisemea mwenyewe, nahau hii ni ya bidii: nimepata siku zangu, nafanya kazi. Ukimsemea mtu anayechuma kwenye shida ya mwenzake, inakuwa shutuma. Mwanasiasa akiteleza, magazeti huandika kwamba wapinzani wake wanajitengenezea "hay", na hakuna msomaji anayedhani wapinzani hao wanasifiwa. Maneno hayabadiliki; kinachobadilika ni jua hilo linamwakia nani na linamchoma nani.

Akarudi ubaoni, kwenye ule upande wa kulia ulioandikwa kwamba ni kutumia nafasi vizuri, akauchora mkato katikati. "Hii si maana," akasema. "Hii ni nusu yake, na nusu nyingine ndiyo itakayowaaibisha mbele za watu."

Mvua ilirudi Oktoba. Yeyote aliyeishi Ukambani mwaka ule anaikumbuka vuli ya 1984. Kwa mwezi mmoja Kapiti iligeuka kijani, na uwanja wetu wa mpira ukamezwa na nyasi. Kwa desturi, kufyeka uwanja ilikuwa adhabu: mchelewaji alikabidhiwa slasha, akafyeka, nyasi zikachomwa. Shule zilipofunguliwa Januari 1985 jua limesimama, mwalimu alikwenda kwa mwalimu mkuu akaomba nyasi zisichomwe. Darasa la nane tukafyeka wote, bila ya mtu kuadhibiwa. Tukazitandaza golini hadi golini, tukazigeuza kwa uma za miti, jioni tukazikusanya, asubuhi tukazitandaza tena. Hatukuwa na mashine ya kufungia. Mwalimu alileta sanduku la mbao la majani chai, akatanguliza kamba za katani ndani, tukajaza nyasi, mtu mmoja akapanda na kuzikanyaga, kisha kamba zikafungwa na robota likatolewa kwa kuligeuza sanduku. Yalikuwa mapindamapinda, lakini yalikuwa marobota.

Wazazi walikuja kutazama, wengine kwa kejeli. Yule mzee wa fimbo alikuja pia. Hakuwa na kejeli. Aliuliza sanduku kama lile hupatikana wapi.

Nyumbani kwetu mama alikuwa ameokoa ng'ombe mmoja tu, na alimwokoa kwa nyasi za kingo za shamba. Yeye na wenzake wa mwethya, yaani kikundi cha kusaidiana kazi, walikuwa wamechimba matuta ya fanya juu, kazi ambayo watu wa Machakos wameifanya kwa miongo mingi: unachimba mtaro kufuata kontua, udongo unautupa upande wa juu, na juu ya tuta unapanda nyasi ili zilishike. Nyasi hizo, mizizi yake ikiwa karibu na maji ya mtaroni, ndizo zilizokawia kufa. Miaka hiyo Machakos ilikuwa na mradi mkubwa wa maendeleo uliofadhiliwa na Jumuiya ya Ulaya, na wageni walikuwa wakija kukagua matuta. Nilimshuhudia Mzungu mmoja amesimama ukingoni mwa shamba letu na daftari, akiuliza kwa Kiingereza "fanya juu" ni nini hasa. Mkalimani alijaribu kumweleza mara mbili. Mgeni akaandika, akafuta. Mwishowe mama alishuka mtaroni, akachota udongo kwa sepetu, akautupa juu ya tuta mbele ya viatu vyake. "Fanya juu," akamwambia. Mgeni akafunga daftari, akaelewa. Leo vitabu vya Kiingereza vya hifadhi ya udongo vinaandika "fanya juu" hivyo hivyo, na wanafunzi wa kilimo wa nchi za mbali hujifunza maneno hayo ya Kiswahili kutoka Machakos.

KCPE ya kwanza tuliifanya mwishoni mwa 1985. Miaka michache baadaye nami nikaingia ualimu, nikafundisha Kiingereza na Kiswahili hadi nilipostaafu, na katika muda huo wote nimeukuta ule ubao wenye mstari katikati kila shule niliyoingia. Vitabu vya marudio huuzwa vikiwa na kurasa na kurasa za nahau, kushoto maneno, kulia maana. Nimesahihisha insha ambamo mtoto amefiwa na babu yake na kuandika kwamba wajomba walikuja "to make hay" matangani, akimaanisha walisaidia kuchimba kaburi. Amemtukana mjomba wake bila kujua, na kitabu chake kinamuunga mkono.

Kiswahili nacho kina donda hilo hilo. Mtoto wa ghorofani Nairobi hukariri "udongo uwahi ungali maji" na maana yake, bila kuwahi kumwona mfinyanzi akihangaika na chungu kinachoanza kukauka mkononi. Anaijua methali kama tulivyoijua "hay" sisi: ya kuandika Ijumaa na kusahau Jumatatu. Ajabu ni kwamba methali hizo mbili ni ndugu. Mfinyanzi anakimbizana na ukavu, mkata nyasi anakimbizana na mvua, na wote wawili wana siku zile zile chache. Mwanafunzi aliyeona kazi ya mmoja ataielewa ya mwingine bila kuandikiwa kitu upande wa kulia.

Kwa hiyo mwalimu mwenzangu unayesoma haya, nakuomba jambo moja. Kabla ya kumpa mwanafunzi maana ya nahau, mpe kazi iliyoizaa: nani alikuwa akifanya nini, kwa haraka gani, akiogopa nini. Kisha mwambie husemwa na nani kumhusu nani, na kwa sauti gani, kwa sababu hapo ndipo sifa na matusi hutenganishwa. Maana ataitoa mwenyewe. KCPE imekwisha, ya mwisho ilifanywa 2023, na mtaala mpya unataka mtoto aonyeshe analoweza kulifanya. Ule mstari wa chaki katikati ya ubao hauna tena mtihani wa kuulinda. Ufute.